Nilichaguliwa Vyuo 3 vya Udaktari, Mama Akaificha Simu

Jamani, kuna watu wakisikia umechaguliwa vyuo vitatu wanadhani umeshamaliza matatizo ya dunia. Mimi ile wiki sikulala.

Ilikuwa 2021. Nimemaliza kidato cha sita na PCB yangu, nimefaulu, naomba udaktari tu, MD, sitaki kusikia kitu kingine. Majina yanatoka: nimo Muhimbili, nimo UDOM Dodoma, nimo na Bugando Mwanza. Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka na fimbo akijua kuna mwizi.

Kwa wasioujua utaratibu: ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, TCU wanataka uthibitishe kimoja tu, na siku zenyewe ni za kuhesabu. Unatumiwa namba maalumu kwa meseji, unaingia kwenye akaunti yako ya chuo unachokitaka, unaiweka, basi. Vingine ndiyo kwaheri.

Sasa kipindi cha kuomba simu yangu ilikuwa imeibiwa kwenye daladala, nikajaza namba ya mama. Kwa hiyo meseji iliingia kwenye kiswaswadu chake.

Kwangu mjadala haukuwepo. Muhimbili! Nyumbani kwetu ni Mbagala, marafiki wote wako Dar, na mwenzangu wa wakati ule alishaniambia nikihama mji nimsahau. Statasi ya kujitangaza nilishaiandaa. Kwenye grupu la darasa watu walikuwa wanabishana vyuo kama Simba na Yanga. Nilipotaja Dodoma walicheka: "Utakula vumbi na zabibu."

Nikamwomba mama simu. Akasema, "Ngoja kwanza." Kesho yake, ngoja. Siku ya tatu nikagundua anaenda nayo gengeni, kaifunga kwenye pindo la kanga. Nililia, nikamwambia mama unaniharibia maisha. Hakunijibu.

Hapa lazima niwaambie habari ya bibi. Alipata kiharusi 2019, upande wa kulia ukalala. Mama anaondoka saa kumi alfajiri kufuata mboga sokoni, anarudi jioni. Bibi alikuwa wangu. Kumgeuza asipate vidonda, kumwogesha, uji, dawa za presha, kufua. Nilisoma shule ya kutwa, na baiolojia yangu nyingi niliisomea pembeni ya kitanda chake. Alikuwa ananiita mke mwenza, utani wa bibi na mjukuu, lakini wageni wakija anabadilika: "Huyu ndiye daktari wangu." Ndoto yangu ilianzia hapo, sio kwenye tamthilia.

Usiku wa kuamkia siku ya mwisho, mama akaja kukaa kitandani kwangu, simu mkononi.

"Mwanangu, ukienda Muhimbili utalala wapi?"

"Hapa nyumbani, mama. Hosteli sina uhakika nayo."

"Na asubuhi nani atamgeuza bibi yako?"

"Mimi, kabla sijatoka."

"Na jioni?"

"Mimi."

Akanyamaza, kisha akasema, "Ukibaki hapa nitakutuma. Sitaki, ila nitakutuma. Mgongo ukiniuma nitakutuma, nikichelewa sokoni nitakutuma. Utafeli, na hakuna atakayesema ulikuwa unauguza. Watasema huna akili."

Nikamuuliza, sasa bibi?

"Bibi yako ni mama yangu. Wa kumgeuza ni mimi."

Mwanza tuliitoa pamoja. Ni chuo binafsi, ada yake ni kubwa kuliko ya serikali, na siku ya kuthibitisha ulikuwa bado hujui Bodi ya Mikopo itakupa kiasi gani au itakunyima. Ikabaki Dodoma. Chuo cha serikali, karibu kilomita 450 kutoka Dar. Mama alisema ni mbali vya kutosha nisitumwe, na ni karibu vya kutosha kuwahi msiba. Akanisomea ile namba, tarakimu moja moja, nikaiweka kwa simu ya kuazima.

Yule mwenzangu alitimiza ahadi yake. Nisiwachoshe.

Nisiwadanganye pia kwamba kila kitu kilikaa sawa. Mama alianza kufungua genge saa nne asubuhi, wateja wa mapema wakahamia kwa mwingine. Mdogo wangu wa kiume, ambaye bibi anamwita mume wangu, ilibidi ajifunze kumwogesha. Nikiwa mwaka wa kwanza bibi akapata kidonda mgongoni. Miaka yangu miwili hakuwahi kupata hata kimoja. Nilitumiwa picha, nikaiangalia nikiwa bwenini, nikashindwa kula. Kilipona, lakini ile picha sijaifuta.

Leo niko mwaka wa 5 na sijarudia mtihani hata mmoja. Tangu SGR ianze kufika Dodoma 2024, natoka asubuhi, mchana niko kwa bibi. Bado anauliza, "Daktari wangu yuko wapi?" Akiniona anasema nimekonda.

Kwa mdogo wangu unayekodolea macho vyuo viwili au vitatu sasa hivi: MD ni miaka mitano kote huko, halafu mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini, na wote mnasajiliwa na Baraza moja la Madaktari. Mgonjwa hatakuuliza ulisoma wapi. Angalia ada, angalia utalala wapi, halafu angalia nyumbani kwenu nani anakutegemea asubuhi. Hilo la mwisho kwenye magrupu hawaliulizi.

Ila kuna usiku bado najiuliza. Ungekuwa wewe, na bibi yako amelala chumba cha pili, ungeenda?