Kisukari, Saumu, na Somo la Kila Mtu



Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Laela, katika nchi ya Ufipa, na umri wangu umepita miaka hamsini. Elimu yangu ni ya chuo na ya shule ya msingi tu. Basi sisemi kama tabibu, nasema kama mgonjwa.

Mwaka 2022 niliambiwa nina ugonjwa wa kisukari. Nikapewa vidonge na karatasi moja, ile ile waliyopewa wagonjwa wote: punguza wanga, acha sukari, fanya mazoezi. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hapana aliyeniuliza nala nini, nafanya kazi gani, wala kama nafunga. Nami kwa kuona haya sikuuliza.

Ramadhani ya mwaka 2023 ikaingia. Siku moja nilimeza vidonge wakati wa daku, nikaenda shambani kwa miguu, na baada ya sala ya alasiri nikaketi kusomesha. Mara mikono ikatetemeka, jasho likanitoka hali kuna baridi. Kijana mmoja akasema, "Maalim, futuru." Nikamkemea, kwani naliona aibu kufungua mbele ya watoto. Nilipozinduka nilikuwa kitandani kwa waganga, na mke wangu analia. Kumbe vidonge vile hushusha sukari hata kama tumbo ni tupu.

Safari hii muuguzi mmoja aliketi nasi. "Maalim, asubuhi wala nini? Shamba ni umbali gani? Wasomesha mpaka saa ngapi?" Hakunikataza ugali wa ulezi, alimwonyesha mke wangu kiasi chake: robo ya sahani ugali, robo maharage au samaki, nusu mboga. Akanifundisha kupima tone la damu ya kidole.

Nikajilaumu. Chuoni kila mtoto husikilizwa mahali pake: huyu yu katika alifu, yule katika Yasini. Sijapata kuwapa wote somo moja. Mbona mwili wangu niliuridhia karatasi ya watu wote?

Hata mwongozo wa Ramadhani uliotolewa mwaka 2021 na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari pamoja na wenzao wasema hivyo: mgonjwa aonane na daktari majuma 6 hadi 8 kabla ya mwezi, ipimwe hatari yake mwenyewe, na dawa zake zipangwe upya. Akifunga, na sukari ikashuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita au ikazidi 16.6, afungue mara moja.

Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Baqara, amempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Ruhusa hiyo si aibu. Siku zilizobaki sikufunga. Nalizilipa baadaye, moja moja, daktari alipokwisha kunibadilishia dawa.

Enyi vijana, mzazi mwenye kisukari mfuateni kwa daktari tangu mwezi wa Rajabu. Semeni: baba yetu ala hivi, afanya kazi hii, je, yeye afanyeje? Akitetemeka naye ana fahamu, mpeni maji ya sukari hata kama jua halijatua. Akizimia, msimtie kitu kinywani, mkimbizeni hospitali.

Yule kijana niliyemkemea nimekwisha mtaka radhi. Mwenyezi Mungu atujaalie afya na uelewa. Amin.