Nani Anaizima?

Mwezi wa saba uliopita nilipokea kwa simu sentensi moja ambayo bado inanishughulisha: «Klimatizeri ya nyuma iko inazimazima.» Aliyeisema ni kijana wa miaka 19, mzaliwa wa Uvira, akiwa juu ya paa la gari mjini Tucson, katika jimbo la Arizona, Marekani. Huko joto la mwezi wa saba hupita nyuzi 40 bila shida. Hapa Lubumbashi ilikuwa saa tatu usiku, kule ilikuwa saa sita mchana, nami nilikuwa nimevaa sweta.

Anayetuunganisha ni yaya wangu. (Kwetu yaya ni ndugu mkubwa, wasomaji waliozoea Kiswahili cha pwani wasifikirie mlezi wa watoto.) Ufundi wa frigo aliujifunza Katuba, kwenye vyumba baridi vya wauza thomson, na leo anafanya kazi katika gereji ya magari-nyumba. Gari-nyumba ni kama basi lenye kitanda, jiko na choo. Wastaafu wengi wa kule hukaa humo kwa miezi. Kiyoyozi chake hukaa juu ya paa, juu ya tundu la mraba lenye upana wa sentimita 36 hivi. Gari likiwa refu huwa na viyoyozi viwili, cha mbele na cha nyuma, na mara nyingi vyote viwili vinapuliza katika mfereji mmoja wa hewa uliofichwa ndani ya dari. Mfereji huo wa ubia, kama shamba la ubia, ndio unaozaa kesi nyingi.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kompresa ya nyuma inafanya kazi dakika tatu au nne, inanyamaza, inapumzika kidogo, inaanza tena. Chumba cha kulala kinabaki moto. Na kila mara inapoanza, kompresa inavuta umeme mwingi kuliko inapoendelea, kwa hiyo ile inayoanza mara nyingi kwa saa moja inajimaliza. Gereji ilikuwa imekwisha kubadilisha termostati ya ukutani, bila faida. Hatua iliyofuata ilikuwa kubadilisha kiyoyozi kizima, kwa gharama ya wazee wawili wenye gari. Na kijana wetu alikuwa amepewa mpaka mwisho wa mwezi aonyeshe kwamba anaweza kutafuta ubovu peke yake. Kiingereza chake ni cha salamu na bei. Yaya alinitumia ujumbe: «Wewe unasoma luga, mdogo wangu. Umutafutie maneno.»

Majina ya vyuma hayakuwa shida. Kompresa, kapasita, filta: kijana anayajua, na yasiyo na jina alikwisha kuyapa jina. Ile nafasi kati ya kiyoyozi na dari, ambamo hewa inayovutwa na hewa inayopulizwa zinapita jirani, yeye anaiita tumbo. Kibao kinachozitenga anakiita ukuta. Sikuona sababu ya kumsahihisha.

Shida ilikuwa kitenzi. «Inazimazima» ni urudufishaji mzuri, ungefaa mfano darasani: tendo linajirudia, kila mara kwa muda mfupi. Lakini hakisemi nani anazima, na kwa fundi hilo ndilo swali lote. Nikamrudishia maumbo matatu na kumwomba achague moja: inajizima, inazimika, au inazimwa?

Inajizima: kompresa yenyewe imechoka. Ndani yake au juu yake kuna kilinzi kinachokata umeme joto likizidi. Hapo fundi anatafuta kinachoichosha: mapezi ya nje yamejaa vumbi, feni ya juu haizunguki vizuri, kapasita imedhoofika na kompresa inanguruma bila kuanza. Ishara yake ni kwamba ukiigusa ni moto sana, na inachukua muda mrefu kurudi.

Inazimika: kama taa inavyozimika, kwa kukosa kinachoilisha. Umeme wa magari hayo ni volti 120. Kwenye kambi yenye magari mengi na waya mrefu mwembamba, volti zinaweza kushuka hadi 108 na chini zaidi, hasa viyoyozi viwili vikitegemea waya mmoja wa ampea 30. Hili sisi wa Lubumbashi hatuhitaji kufundishwa. Mtu aliyekulia Katuba anasoma volti kwa kuangalia balbu.

Inazimwa: kompresa ni nzima, umeme upo, lakini kuna mwingine aliyetoa amri.

Hapa tuligonga kitu ambacho wenzangu wa isimu watakitambua. Kauli ya kutendwa haina makao imara katika Kiswahili chetu cha kila siku. Kijana alipima volti: 118, na hazikuyumba kompresa ilipoanza. Akagusa: joto la kawaida. Kisha akajibu, si «inazimwa» bali «banaizima». Ndivyo tunavyosema hapa pia. Mtu akiibiwa, «bamemuiba», hata kama mwizi ni mmoja na hajulikani. Vitabu vya sarufi sanifu huliona umbo hilo kama upungufu wa Kiswahili cha Kongo. Mimi naona siku ile lilitufaa kuliko «inazimwa». Ukisema inazimwa unaweza kuishia hapo, na mtendaji akabaki kivulini. Ukisema banaizima, swali linakuja lenyewe: ba, ni akina nani?

Yaya aliyauliza kwa maneno hayo hayo, na walikuwa wawili. Wa kwanza ni kihisio cha joto la chumba, ambacho kwenye gari hilo, kwa upande wa nyuma, hakikuwa ukutani bali darini, nyuma ya wavu unaovuta hewa. (Ndiyo maana termostati mpya ya ukutani haikusaidia kitu.) Wa pili ni kihisio cha barafu, kilichochomekwa katikati ya mapezi ya ndani ili kusimamisha kompresa kabla mapezi hayajaganda. Kijana akakata umeme, akafungua wavu, akamulika kwa simu: hakuna barafu, hakuna maji mengi. Akabaki wa kwanza.

Basi kwa nini kihisio kiseme chumba kimepoa ilhali wazee wanatoka jasho? Akarudisha umeme na kuweka kipimajoto. Hewa inayotoka ilikuwa nyuzi 9, hewa inayovutwa 19. Tofauti ya nyuzi kumi ni ya kiyoyozi chenye afya, na nadhani hapo ndipo waliomtangulia waliridhika. Lakini kitandani, mita mbili tu kutoka pale, kipimajoto kilisoma 32. Hewa ya nyuzi 32 haiwezi kuingia darini ikiwa 19, isipokuwa imechanganyika na hewa ya baridi njiani. Ukuta wa tumbo ulikuwa umebanduka upande mmoja, upana wa vidole viwili. Baridi ilitoka kwenye kiyoyozi, ikapita kwenye ufa, ikavutwa tena kabla ya kumfikia mtu, na ikaingia kwa kupitia kwenye kihisio. Termostati ilipangwa 24. Ilikuwa ikitii tu.

Mfereji wa ubia uliongeza yake. Wazee walikuwa wamefunga matundu kadhaa ya sebuleni wakidhani baridi yote itakwenda chumbani. Hewa iliyokosa pa kutokea ilirudi kusukuma penye udhaifu, yaani kwenye ufa ule. Kijana aliziba ukuta kwa kibao kipya na utepe wa alumini (si utepe wa kawaida, ambao gundi yake huachia kwa joto la paa), akafungua matundu yote. Kompresa ikaenda dakika ishirini na tano bila kunyamaza.

Hakuridhika, na hapo nilimpenda. Alizima cha nyuma, akawasha cha mbele peke yake, akashika karatasi ya chooni mbele ya wavu wa nyuma. Karatasi ilipaswa kutulia. Ikapepea kuelekea chini. Hewa ya mbele ilikuwa ikisafiri ndani ya mfereji, ikipita kinyumenyume katika feni iliyolala, na kumwagika juu ya kihisio kile kile. Kwa hiyo hata ufa ukizibwa, cha nyuma kitachelewa kuamka kila mara jirani yake akifanya kazi. Akaweka kizuizi cha povu katikati ya mfereji, kila kiyoyozi kikabaki na matundu yake.

Nilipoeleza haya kwa wenzangu wa mwaka, mmoja aliniuliza istilahi sanifu ya ubovu huu ni ipi, ili tuiingize katika kazi ya semina. Tulipendekeza tatu na hatukukubaliana. Sioni haraka. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 juu ya Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji, alichunguza vijitabu vya maneno walivyoandikiwa wakubwa wa kazi, navyo vimejaa amri: leta, beba, fanya. Mfanyakazi hakutarajiwa kuuliza kwa nini mashine imesimama. Kwa hiyo kinachonivuta si jina la ubovu, bali jinsi ya kuuliza, na viambishi vya kuulizia tulikuwa navyo zamani.

Karatasi niliyomwandikia kijana ina upande mmoja tu. Mstari wa kwanza unasema: kata umeme, subiri, usiguse kapasita kwa mkono, maana inashika umeme hata waya ukichomolewa. Chini yake yapo yale maumbo matatu, kila moja na vipimo vyake, na la tatu limeandikwa «banaizima», kwa herufi kubwa. Yaya aliliona akacheka, akauliza kama profesa wangu ameliruhusu. Msimamizi wa gereji, ambaye hajui neno la Kiswahili, aliibandika ukutani karibu na ngazi.

Kijana amebaki kazini. Sasa anataka karatasi ya pili, ya friji za magari hayo, zinazoweza kufanya kazi kwa umeme au kwa gesi. Hapo tumekwama kwenye kuwaka: moto unawaka, taa inawaka, mashine inawaka, na yeye anapotuma «haiwaki» nalazimika kupiga simu.