Garimoshi la Voi–Taveta

Meli ikizama, watu hujua siku na saa ya msiba. Garimoshi la Voi–Taveta lilipotea kidogo kidogo, wala hakuna aliyeliwekea matanga.

Reli yake ilizaliwa vitani. Mnamo 1915 Waingereza, wakitumia vikosi vya reli kutoka India, waliilaza kuelekea magharibi ili wawaondoe Wajerumani waliokuwa wameiteka Taveta tangu Agosti 1914. Ilipita Mwatate, Bura na Maktau, ikakata nyika yenye uhaba mkubwa wa maji. Baada ya mapigano ya Salaita na Latema, Februari na Machi 1916, ilivushwa mpaka ikaunganishwa na reli ya Tanga–Moshi karibu na Kahe. Makaburi ya wanajeshi yaliyoko Voi, Maktau na Taveta yangali yanashuhudia gharama ya vita hivyo.

Vita vilipokwisha, njia ya askari iligeuka kuwa njia ya majirani. Kwa miongo kadhaa injini za mvuke zilivuta abiria na mizigo baina ya Voi na Moshi. Mtaita, Mtaveta, Mpare na Mchaga walisafiri pamoja, kila mmoja na lugha ya kwao, na Kiswahili kikawa lugha ya behewa.

Mnamo 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Shirika la reli likagawanywa, mpaka ukafungwa, na garimoshi likakomea Taveta. Mpaka ulifunguliwa tena mnamo 1983, ila mazoea yalikuwa yamekwisha katika. Mvuke ukaipisha dizeli, abiria wakahamia matatu na mabasi. Safari zikapungua, hatimaye zikakoma. Jumuiya ilifufuliwa mnamo 2000. Garimoshi halikufufuka nayo.

Tangu 2017 treni mpya husimama Voi ikielekea Mombasa au Nairobi. Injini za zamani zimebaki kutazamwa. Katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi imo injini ya mvuke nambari 5930, iliyofanya kazi katika reli kuu ya Mombasa. Inaitwa Mount Shengena, kwa jina la mlima wa Upare, Tanzania. Palikuwa na wakati ambapo jina hilo lilipita Voi likivuta mabehewa ya Kenya, na hakuna aliyeliona kuwa geni.