Kutoka Milima ya Umatengo Hata Ufuko wa Nyasa

Wako watu wengi wa milimani walao samaki wa Nyasa mwaka mzima, lakini watoto wao hawajaliona ziwa lenyewe. Zamani sababu ilikuwa njia: mteremko mkali, matope ya masika, na gari kukwama siku nzima. Sasa kutoka Mbinga hata Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyoundwa mwaka 2012, iko barabara ya lami ya kilometa 66 hivi. Hivyo jamaa yaweza kuondoka Jumamosi asubuhi na kurudi Jumapili jioni. Twapenda kuwaeleza habari za safari hiyo, ili wazazi wajue mambo ya kuwaonyesha watoto, na hatari za kuwakinga nazo.

Tulikwenda mwezi wa Agosti, mimi na mke wangu na watoto wetu watatu. Milimani kulikuwa na baridi, na kahawa ilikuwa imeanikwa nyuani. Kabla ya kuteremka tulisimama kando ya njia tuwaonyeshe watoto ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yaliyopangwa mlimani kama masega ya nyuki. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari yenye kukatana. Kisha wanawake huchimba udongo katikati na kuyafunika. Mvua ikinyesha, maji hutua shimoni wala hayachukui udongo, na majani yaliyooza huwa mbolea ya maharage na mahindi. Mtoto atokaye katika nchi ya ngoro, hana budi kujua kwamba wazee wake walishinda mlima kwa jembe na akili.

Mji wa Mbinga u juu ya usawa wa bahari kadiri ya mita 1,300. Ziwa li chini ya mita 500. Basi katika saa chache mtu hutoka baridini akaingia jotoni. Watoto walivua masweta moja moja, na mashamba ya kahawa yakatoweka, ikaja miembe na mihogo. Hata tulipofika mahali ambapo ziwa laonekana, mdogo wao akauliza, “Baba, ng’ambo yake iko wapi?” Nikamwambia ya kuwa ng’ambo ni Malawi, na kusini ni Msumbiji, na ya kuwa ziwa hili lina urefu wa kilometa 560 na zaidi, na kina chake mahali pengine ni kadiri ya mita 700. Akanyamaza.

Mbamba Bay ni mji mdogo wenye jua jingi na mchanga mweupe, na mawe makubwa yamesimama majini. Ufukweni tulikuta dagaa wameanikwa. Wavuvi huwavua usiku wa giza kwa taa, maana dagaa hufuata mwanga. Wanawake huwageuza juani mpaka wakauke, ndipo wapandishwe milimani kuuzwa. Watoto waliwatambua mara moja; lakini ilikuwa mara ya kwanza kuwaona watu waliokesha kwa ajili ya kitoweo chao.

Katikati ya mawe waishi samaki wadogo wa rangi ya samawati na manjano, waitwao mbuna, ambao kwa asili hawaonekani ila katika ziwa hili. Mama yao huatamia mayai kinywani mwake kwa muda wa majuma matatu hivi, asile au ale kidogo sana, mpaka watoto waweze kuogelea. Na katika jamii nyingine za samaki wa ziwa hili, watoto waliokwisha kutoka hurudi kinywani mwa mama wakiona hatari.

Habari hiyo iliwapendeza sana watoto, lakini wazazi ndio wenye kuihitaji. Maana ziwa ni zuri, nalo huua. Alasiri watoto walimwomba mvuvi mmoja mzee awapakie katika mtumbwi. Upepo wa kusi, ambao wavuvi wengi huuita mwera, ulikuwa umeanza kuvuma. Mzee akasema, “Wajukuu zangu, ziwa halihami. Leo upepo umekataza, nami sibishani nao.” Watoto walihuzunika, sisi tulimshukuru. Mwenyeji akikataa, mgeni asimsihi.

Jumapili asubuhi tulipanda kaskazini hata Liuli. Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa sababu ya jabali lifananalo na sanamu kubwa ya Misri. Mwezi wa Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilikuja ikaipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa pwani itengenezwe. Nahodha wake alikuwa hajapata habari ya kuwa vita vimeanza Ulaya. Ndivyo vita vya mbali vilivyofika katika ghuba hii tulivu.

Sasa mashauri machache. Mtoto asiingie majini pasipo mtu mzima wa kumtazama, asiye na kazi nyingine wakati huo. Msioge penye midomo ya mito, kwa maana mamba hukaa huko. Wala penye maji yaliyotuama na matete, kwa sababu ya konokono waletao kichocho. Walioingia ziwani wapimwe baada ya majuma sita au zaidi, dawa ipo. Tena, watoto wa milimani hawakuzoea malaria kama wenzao wa ufukweni. Usiku mmoja tu bila chandarua watosha kuwaletea ugonjwa, na homa huweza kutokea siku saba au majuma kadhaa baadaye, mkiwa mmekwisha kuisahau safari. Mtoto akipata homa, mpelekeni akapimwe siku ile ile, na mwambieni mganga kwamba alilala ziwani.

Mkiyashika hayo, nendeni bila hofu. Juma lile tuliporudi tulipika dagaa kama desturi yetu. Binti yetu mkubwa, aliyekuwa akiwabagua vichwa na kuwatupa, siku hiyo aliwala wazima.