62/57 mgongoni

Bariadi neno robota lina kazi mbili. Kiwandani, robota ni pamba iliyokwisha kuchambuliwa, ikashindiliwa na kufungwa tayari kwa safari. Gulioni, robota ni mzigo wa mitumba ambao bado haujafunguliwa. La kwanza linaondoka, la pili linaingia. Nyumba niliyokulia inaishi kwa yote mawili: mama analima pamba, na mdogo wangu wa kiume ni fundi cherehani anayenunua hudi za mtumba, akazifumua na kuzishona upya.

Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba Tanzania, na sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii huuzwa nje kabla haijasokotwa uzi. Kilo tatu anazochuma mama, mbegu zikishatolewa, hubaki takriban kilo moja ya nyuzi. Hudi nzito ina uzito wa nusu kilo na zaidi. Kama ni ya pamba tupu, basi kijana anayepita stendi na hudi yake amebeba karibu kilo mbili za shamba la mtu. Nilimpigia mama hesabu hiyo siku moja, akacheka, akaniuliza kama ndiyo niliyoendea shahada ya uzamili.

Hudi hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Kampuni ya Champion ya jimbo la New York inahesabiwa miongoni mwa za kwanza kuzishona, miaka ya 1930, kwa wanamichezo na watu waliofanya kazi kwenye maghala ya baridi. Kwetu baridi ni ile ya alfajiri ya Juni na Julai, lakini vijana wa bodaboda wanazivaa mpaka saa saba mchana jua likiwaka, na hakuna anayewauliza. Nyingi zinafika zikiwa na maneno ya wenyewe: shule, kambi za kanisa, mikutano ya koo za watu wa Ohio. Nimewahi kumwona mzee akichunga ng'ombe ndani ya hudi ya timu ya wasichana ya kuogelea. Ilimpendeza, kusema kweli.

Mdogo wangu alianza kwa kuyachokoza hayo maneno. Alikata mikono ya hudi za shule mbili tofauti akaiunganisha kwenye kiwiliwili cha tatu. Akatia kitenge ndani ya kofia, akabadilisha kamba za shingoni kwa kamba za katani. Ile iliyompatia jina mjini ni yenye mfuko mgongoni: abiria wa bodaboda anaingiza mikono humo asubuhi, anapata joto na pa kushika bila kumkumbatia dereva asiyemfahamu. Akina mama waliipenda kuliko vijana. Niliposikia, nilifikiri mdogo wangu ameshafika mwisho wa ubunifu wake.

Mwaka jana mama alipima mzigo wake wa pamba nyumbani, kwa mizani ya kuning'iniza aliyoazima kwa jirani. Kilo 62. Akaupeleka kwenye kituo kimoja cha ununuzi ambacho sitakitaja, mizani ikasoma 57. Aliposema, akajibiwa kwamba mizani ya nyumbani si mizani. Akapokea stakabadhi, akarudi, akakaa chini kubangua karanga mpaka giza likaingia.

Mdogo wangu hakusema neno. Alichukua hudi ya kijivu isiyo na maandishi, akakata tarakimu nne na mstari kutoka kwenye jinzi kuukuu, akazishona mgongoni kubwa kama namba za mchezaji: 62/57. Akaivaa gulioni. Wiki haikuisha, mtoto wa mkulima mmoja akaja na namba zake, 48/44. Kisha 71/65. Kisha mwingine akaleta ya marehemu baba yake, ya msimu wa zamani, aliyoikuta kwenye daftari. Hakuna mteja aliyehitaji kuelezwa.

Mama alihitaji. Alipojua, alinipigia simu Dar es Salaam, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwambie mdogo wako aivue. Msimu ujao pamba yangu nitaipeleka wapi?"

Nikampigia mdogo wangu. Akasema, "Dada, sijaandika jina la mtu. Ni namba tu."

"Namba za mama."

"Ndiyo. Za mama."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu sauti za wakulima, na hakuna hata kimoja kilichonisaidia usiku ule. Aliyekuwa akiogopa ndiye atakayesimama kwenye foleni. Nilimwomba mdogo wangu asiivae tena Bariadi, na ile ya kwanza anitumie mimi kwa basi. Alinitumia, bila kunijibu.

Niliivaa darasani. Mmoja alidhani ni matokeo ya mpira wa kikapu, mwingine akadhani ni aya akaanza kuitafuta kwenye simu. Nilipoeleza, rafiki mmoja akashika pindo la kitambaa akasema, "Hii ni brandi kabisa, niletee tatu." Nilikasirika, halafu nikapiga hesabu na hasira ikachanganyikana na kitu kingine. Kilo tano zile, kwa bei aliyouzia mama, hazikufika shilingi elfu sita. Hudi moja mdogo wangu anauza elfu 25. Hasara ilikuwa imeanza kulipa kuliko pamba yenyewe. Nilimwambia hivyo kwenye simu.

"Kwa hiyo niache?" akauliza. Sikuwa na jibu. Aliendelea kuzishona kwa waliokuja na namba zao, ila kwanza anawauliza kama mwenye pamba anajua.

Mwaka huu, kabla msimu haujafunguliwa, mama mwenyewe aliingia kwenye kibanda chake cha ushonaji. Nilikuwepo, likizo. Alitaka hudi ya kuvaa alfajiri akienda kuuza. Nyeusi, isiwe na neno wala namba, na kofia ipite juu ya kilemba. Mdogo wangu alimpima kichwa na mabega kwa heshima yote kama mteja wa mjini.

"Na mfuko," mama akasema. "Wa ndani, wenye zipu."

"Wa simu?"

"Wa daftari. Nataka kila kilo niiandike hapa nyumbani kabla sijaondoka, na kule waandike ya kwao pembeni, wao wenyewe, kwa mkono wao."

Mdogo wangu akachukua daftari lake la wateja, akaliweka juu ya kitambaa, akazungushia chaki.

"Ongeza kidogo," mama akasema. "Kuna na kalamu."