Duka la Wafumaji huko Rochdale

Msafiri atokaye Manchester, nchini Uingereza, akielekea kaskazini kwa gari la moshi, hahitaji hata nusu saa kufika Rochdale. Mji huo umekaa chini ya vilima vya Pennine, ambavyo vilele vyake havina miti, ni majani na mawe tu. Mvua ya huko hainyeshi kwa kishindo kama yetu ya Bukavu. Huchuruzika polepole kutwa nzima, kana kwamba haina kazi nyingine. Tulikwenda huko mwezi wa Oktoba, sisi na walimu wenzetu wawili, tulipopata siku ya mapumziko katika mafunzo yaliyotupeleka Ulaya. Wenyeji wetu walistaajabu. Wakatuuliza mbona hatuendi London kutazama majumba ya wafalme. Tukawajibu kwamba sisi tunatafuta duka.

Katikati ya mji lipo jumba la baraza, lililofunguliwa mwaka 1871, lenye madirisha ya vioo vya rangi kama kanisa kuu. Mbele yake unapita mto Roch. Kwa muda mrefu mto huo ulikuwa umefunikwa, magari yakipita juu yake; lakini tuliambiwa kwamba mwaka 2016 watu wa mji waliufunua tena, na sasa mpita njia aweza kuyaona maji. Tulitazama kidogo, kisha tukapanda kilima.

Njia tuliyoitafuta inaitwa Toad Lane. Neno hilo, likifasiriwa sawasawa, ni Njia ya Chura, nasi tulicheka. Lakini wenyeji husema kwamba chura hayumo: ni matamshi ya watu wa kale waliotaka kusema Njia ya Zamani, na waandishi wa ramani hawakusikia vema. (Majina mangapi ya vijiji vyetu yaliandikwa hivyo hivyo!) Nyumba nambari 31 ni ya matofali, nyembamba, haina fahari yoyote. Tangu mwaka 1931 imekuwa makumbusho. Ndani, chumba cha chini kimepangwa upya kama kilivyokuwa hapo kale: meza ya kuuzia, mapipa, mizani, mwanga hafifu. Mtu mrefu akinyosha mikono yake, aona chumba ni kidogo.

Hapo ndipo jioni ya tarehe 21 Desemba 1844 watu 28 walipofungua duka. Wengi walikuwa wafumaji; wengine walikuwa washona viatu, maseremala na mafundi wa kazi mbalimbali. Walikuwa wameomba nyongeza ya mshahara wasipate. Basi wakachanga peni mbili kwa juma, kisha tatu, hata wakafikisha pauni 28, na pauni moja ya siku zile ilikuwa na peni 240. Katika hizo walilipa kodi ya chumba, pauni kumi kwa mwaka, wakatengeneza meza, na kwa zilizobaki wakanunua bidhaa. Tulizinakili bidhaa hizo katika daftari letu: siagi ratili 28, sukari ratili 56, unga wa ngano karibu kilo 300, gunia moja la unga wa oti, na mishumaa. Basi. Mfanyabiashara wa kawaida pale Kadutu ana vitu vingi zaidi ya hivyo juu ya meza yake. Watoto wa viwandani walisimama nje wakizomea, wakisema kwamba duka la wafumaji limefunguka hatimaye. Wenye maduka wa mji walicheka vile vile.

Ili kufahamu kwa nini mzaha ule haukudumu, yafaa kujua jinsi maskini wa Uingereza walivyonunua chakula siku zile. Wengi walinunua kwa deni. Mwenye duka aliandika katika kitabu chake, naye peke yake alikisoma. Mwenye deni hakuthubutu kuuliza bei, wala kutazama mizani, wala kwenda duka jingine. Tena chakula chenyewe kilichanganywa. Shabu ilitiwa katika mkate ili uwe mweupe. Daktari mmoja aitwaye Arthur Hill Hassall alipima mikate ya London, na matokeo yake yakatangazwa katika gazeti la waganga, The Lancet, kuanzia mwaka 1851: aliikuta shabu katika kila mkate alioupima. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika yalikaushwa yakauzwa tena. Huko Bradford, mji usio mbali na Rochdale, mwaka 1858, fundi mmoja wa peremende alituma kununua ile poda nyeupe isiyo na thamani ambayo wenzake wote waliichanganya na sukari ili kupunguza gharama. Muuza dawa akakosea pipa, akatoa arseniki. Watu wapatao 20 walikufa, wengi wao watoto, na zaidi ya 200 wakaugua. Hakuna aliyekusudia kuua. Ila desturi ya kuficha ilikuwa imezoeleka hata hakuna aliyeshangaa kwamba peremende ina kitu kingine ndani.

Sasa, wale 28 walifanya nini? Bei zao hapo mwanzo hazikuwa nafuu kuliko za wengine, na baadhi ya wanachama wenyewe hawakuweza kununua kwao, kwa kuwa walikuwa bado wamefungwa na deni la duka la zamani. Hawakuwa na kitu cha kuwavuta watu isipokuwa namna yao ya kuuza. Walitoa ratili kamili. Waliuza vitu visivyochanganywa. Walikataa deni, wao kudai wala kudaiwa: mtu alilipa, akachukua, akaondoka akiwa huru. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, mwenye hisa nyingi na mwenye hisa moja, mwanamume na mwanamke. Na jambo hilo la wanawake lilikuwa la ajabu mno katika Uingereza ya wakati ule.

Lakini lililotushika sisi ni vitabu vya hesabu. Faida ya duka haikugawanywa kwa kadiri ya fedha ambazo mtu aliweka, bali kwa kadiri ya vitu alivyonunua. Msomaji atafakari kidogo hapo. Ili kumrudishia mama mmoja sehemu yake mwishoni mwa miezi mitatu, ni lazima ijulikane amenunua kiasi gani. Na ili kiasi hicho kijulikane, kila ununuzi lazima uandikwe. Na yule mama, akijua kwamba atarudishiwa, ataihesabu hesabu ile mwenyewe kule jikoni kwake. Basi duka lilijipatia wakaguzi wengi kama wanunuzi wake, bila kuwalipa hata peni. Kila robo ya mwaka mkutano uliitwa, na mapato na matumizi yakasomwa mbele ya wote. Mwaka wa kwanza ulipokwisha, mwaka 1845, walikuwa na wanachama 74, waliuza vitu vya pauni 710, na faida ilikuwa pauni 22. Si kitu kikubwa. Lakini zile 22 kila mmoja aliweza kueleza zilikotoka.

Kisha likaja jaribio, wala halikuwapata wao. Mji ulikuwa na benki ya akiba, ambamo wafanya kazi na watumishi wa nyumbani waliweka fedha zao. Msimamizi wake alikuwa mwenye kiwanda, mtu wa heshima sana, na hakuna aliyeona haja ya kumwuliza. Alifariki mwaka 1849. Ndipo vitabu vilipofunguliwa, ikaonekana kwamba pauni zaidi ya 70,000 hazipo. Hebu tuwaze asubuhi ile mbele ya mlango uliofungwa: mjane mwenye akiba ya mazishi, kijana aliyekuwa akijiwekea fedha za kuoa. Mwaka 1848 duka la Toad Lane lilikuwa na wanachama 140. Mwishoni mwa 1849 walikuwa 390, na mwaka 1850 walikuwa 600. Wale waliozomewa na watoto sasa waliletewa akiba za mji, kwa kuwa daftari lao lilikuwa limesomwa kwa sauti kila miezi mitatu, hata lilipokuwa na habari ya kilo chache za siagi. Mwaka 1860 wanachama walikuwa 3,450, na mauzo ya mwaka mmoja yalipita pauni 152,000.

Tulisimama kitambo mbele ya mizani, hatukusema neno. Wenzetu walidhani tumechoka.

Kwa kweli tulikuwa tunakumbuka duka jingine. Miaka kadhaa iliyopita, katika misioni moja ambako tulifundisha, sisi walimu tulichanga faranga tukafungua duka la ushirika: chumvi, sabuni, mafuta ya mawese, madaftari ya wanafunzi. Tulikuwa mmoja wa wanakamati. Mwaka wa kwanza watu walifurika. Mwaka wa pili, mke wa mwalimu mwenzetu, mama mwenye adabu, alisimama mkutanoni akauliza ni kiasi gani kimepatikana. Tulimjibu namna gani? Tulimwambia: «Mama, je, mwatuona sisi wezi?» Akaketi. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeuliza tena. Lakini tangu siku hiyo mama yule alipeleka kikapu chake sokoni, na baada yake wengine, mmoja mmoja, bila ugomvi. Duka lilipofungwa hatukumkuta mwizi. Tulikuta karatasi zilizopotea, madeni yaliyoandikwa kwa penseli, na majina ya rafiki zetu ambao tuliona haya kuwadai. Rafu tuliziuza kwa fundi mbao. Mpaka leo tukikutana na mama yule njiani, anatusalimu kwa heshima ile ile, na hilo ndilo linalouma.

Katika masoko yetu ya Kivu, kama kila msomaji ajuavyo, vitu vingi hupimwa kwa kopo: murongo kwa maharagwe na unga, au kopo la Guigoz kwa vitu vidogo. Kopo si baya. Tatizo ni kwamba kila muuzaji ana la kwake, na yapo makopo ambayo kitako chake kimegongwa kuingia ndani. Mnunuzi analijua jambo hilo, muuzaji anajua kwamba mnunuzi anajua, na ndiyo sababu mazungumzo ya bei huwa marefu na kila mtu hudai matabishi. Tumewahi kumwona pale Kadutu mama mmoja muuza sambaza ambaye hulipindua kopo lake mbele ya mteja kwanza, akapiga kitako chake kwa kidole ili lisikike, ndipo achote. Hasemi kitu. Wateja wake husubiri foleni, na jirani zake wenye sambaza wale wale hungoja. Hakupata kusikia habari za Rochdale, nasi hatudhani anazihitaji.

Habari hizo hata hivyo zimetufikia kwa njia nyingine. Mwaka 1895 vyama vya ushirika vya nchi mbalimbali viliunda umoja wao huko London, navyo vikayashika yale ya Toad Lane kuwa kanuni zao. Katika Congo sheria ya vyama vya ushirika iliandikwa mwaka 1956, na tangu mwaka 2012 tumo katika sheria ya OHADA iliyotungwa mwaka 2010, ambayo yataka hesabu zipelekwe mbele ya mkutano wa wanachama. Kwa hiyo karatasi tunazo. Kamati mpya ya walimu, katika misioni ile ile, imetuomba kuingia tena, na kabla ya safari tulikuwa hatujajibu.

Jioni tulishuka kilima chini ya mvua ile ile. Katika gari la moshi tuliisafisha orodha yetu ya siagi na sukari, tukageuza ratili kuwa kilo, tukaandika kando bei za soko la kwetu. Tuliporudi, wanakamati walikuja nyumbani usiku huo huo, wanne, pamoja na mama yule, ambaye hatukujua kwamba wamemchagua kuwa mkaguzi. Tuliwasomea orodha. Walisikiliza mpaka mwisho, kisha mama akauliza kama ile mizani ya Rochdale ilielekea upande wa muuzaji au upande wa mnunuzi. Tulifunga macho tukijaribu kuikumbuka.