Kipimo Usikiache Mlangoni

Karungu, Migori

Mjukuu wangu mpendwa,

 

Unauliza kama binti anayesoma kemia anaweza kuongoza nchi. Anaweza. Mwaka 1997 marehemu Wangari Maathai, mwanasayansi wetu, aligombea urais hapa Kenya, ila kura hazikutosha. Mwaka 2015 Bunge la Mauritius lilimchagua Profesa Ameenah Gurib-Fakim, mkemia, kuwa Rais.

Mama huyo alikusanya mimea ya dawa ya Mauritius na Rodrigues, akaandika wazee walivyoitumia, kisha akaichunguza maabarani kujua kilichomo. Mwaka 2007 alipata tuzo ya L'Oréal na UNESCO ya wanawake wanasayansi. Habari zake hunikumbusha likizo ile ulipoketi jikoni kwangu ukibandika majani ya mwarobaini kwenye daftari. Ukaniuliza, "Nyanya, kiganja kimoja ni gramu ngapi?" Miaka yote nachemsha kwa viganja, na jibu sikuwa nalo. Ukayabeba majani hadi dukani, ukapima kiganja changu mara tano kwenye mizani. Kila mara uzito ulikuwa mwingine. Siku hiyo ulinifundisha kwamba kiganja si kipimo.

Sasa nami nikufundishe. Machi 2018 Rais yule alijiuzulu, baada ya lawama kuhusu ununuzi wake binafsi kwa kadi ya benki aliyopewa na shirika la hisani. Alikana kufanya kosa, akasema fedha alizirudisha. Simhukumu. Ila kazi ya miaka mingi ilifunikwa na habari za kadi moja, na hilo linaniuma hadi leo, maana wasichana kama wewe walikuwa wakimtazama.

Kwa hiyo, mama, ukitoka maabarani kwenda kuongoza, kipimo usikiache mlangoni. Pima shilingi kama unavyopima dawa. Mali ya watu na yako zisikae mfuko mmoja, hata kwa siku moja. Andika leo, usingoje kuulizwa. Wala usingoje Ikulu: anza na michango ya wanafunzi wenzako unayoitunza sasa.

Ukija Desemba, njoo na daftari la majani pamoja na lile la michango. Nitataka kuyaona yote mawili.

Ni mimi nyanya yako,
nikupendaye.